Uzoefu wangu na kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, kuanzia sindano hadi rula

Nilitakiwa kupimwa kifua kikuu kabla ya kuanza kazi ya kuhudumia wagonjwa, na kwa kuwa sikuwa na kikohozi wala homa, nililichukulia jambo hilo kuwa ni karatasi ya kugongwa muhuri tu. Siku tatu baadaye nilikuwa nimekaa mbele ya watu wawili waliousoma mkono mmoja wakapata majibu mawili tofauti.

Sindano yenyewe haina makuu. Muuguzi alisafisha ngozi upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko, akaingiza sindano nyembamba iliyolala karibu sambamba na ngozi, kisha akasukuma mililita 0.1 ya tuberkulini, yaani protini zilizosafishwa kutoka kwa bakteria wa kifua kikuu. Hakuna bakteria hai ndani yake, kwa hiyo kipimo hakiwezi kumwambukiza mtu. Papo hapo kilitokea kivimbe cheupe, mfano wa mahali palipoumwa na mbu, na muuguzi akaridhika, kwa maana kisingetokea ingekuwa dalili kwamba dawa imepita chini ya ngozi badala ya kubaki ndani yake, na ingebidi achome upya. Kilinywea chenyewe muda si mrefu. Niliambiwa nisijikune, nisibandike plasta, na nirudi kati ya saa 48 na 72.

Lawama yangu ya kwanza ni kwamba hakuna aliyenieleza nitarajie kuona nini. Siku ya pili mkono uliwasha na duara jekundu likaanza kutanuka, nami nikalala nikiwa nimeshajihukumu kuwa mgonjwa. Asubuhi ya siku ya tatu mhudumu aliyenipokea aliweka rula juu ya wekundu, akatamka milimita 19 na kuanza kuandika kwamba nina maambukizi. Nilimwomba, kwa heshima, amwite mwenzake mwenye uzoefu zaidi.

Huyo wa pili hakuanza na rula. Alifumba macho kidogo, akapitisha ncha za vidole juu ya ngozi kutoka pembeni kuelekea katikati, akitafuta mahali ugumu unapoanzia. Aliweka alama ya kalamu upande mmoja, akarudia upande wa pili, kisha akapima umbali kati ya alama hizo kwa kukata upana wa mkono, si kwa kufuata urefu wake. Ilikuwa milimita 7. Alinishika kidole akakipitisha pale pale: katikati palikuwa na kitu kigumu kama punje iliyofukiwa, ilhali sehemu kubwa ya ule wekundu ilikuwa laini kama ngozi nyingine yoyote. Wekundu, alisema, hauhesabiwi kabisa. Kinachohesabiwa ni uvimbe mgumu, kwa sababu ndio unaoonyesha kwamba seli za kinga zinazozikumbuka protini hizo zimekusanyika mahali hapo, na mkusanyiko huo huchukua siku mbili au tatu, ndiyo maana mtu hasomwi siku ile ile.

Nilipouliza kama 7 ni nyingi au chache, jibu lilinishangaza: inategemea mkono ni wa nani. Kwangu mimi, kwa kazi niliyokuwa naiendea, mpaka ulikuwa milimita 10, kwa hiyo niliandikiwa hasi. Milimita hizo hizo 7 zingekuwa chanya kwa mtu anayeishi na VVU, au aliyekaa karibu na mgonjwa wa kifua kikuu hivi karibuni, kwani kwao mpaka ni 5. Na kwa mtu asiye na hatari yoyote mpaka ni 15. Aliniuliza pia kama nilipata chanjo ya BCG, ambayo inaweza kuufanya mwili uitikie tuberkulini bila maambukizi yoyote, na kama nimekaa na mtu mwenye ugonjwa huo katika wiki 8 zilizopita, maana maambukizi mapya sana huenda yasionekane bado.

Hata ningekuwa chanya, nisingekuwa lazima mgonjwa. Kipimo hiki hakitofautishi bakteria waliolala mwilini na ugonjwa wenyewe. Hapo ndipo huja picha ya kifua, na makohozi ikihitajika. Mwenye maambukizi yaliyolala haambukizi wengine, na anaweza kupewa dawa za kuzuia yasije yakaamka.

Kwa kipimo chenyewe sina malalamiko, ila thamani yake yote imo katika vidole vya anayekisoma, na hilo mteja hana njia ya kulijua mapema. Mwombe akuandikie milimita, si neno "hasi" peke yake. Yangu imeandikwa 7, na tarehe. Na kama kituo chako hufungwa mwisho wa juma, usikubali kuchomwa Alhamisi, kwa sababu saa 72 zikipita bila kusomwa, kwa kawaida utaanza upya kwenye mkono mwingine.