Duka la fremu Makoroboi: picha za viongozi zipo zote, ila kioo ukisimamie

Anayetafuta picha ya kiongozi ya kutundika ofisini au sebuleni aanzie kwenye duka hili dogo la fremu, upande wa Makoroboi, Mwanza mjini. Marais wote sita wapo, kuanzia Mwalimu hadi Mama Samia, na hakuna anayekulazimisha kuchukua yule asiye chaguo lako.

Pale kaunta umri wa mteja unajulikana kwa picha anayoulizia. Mzee aliyekuwa shuleni wakati wa Azimio la Arusha, 1967, anamtaka Mwalimu na kifimbo chake, nyeusi na nyeupe. Kwake kiongozi ni yule aliyesema tujenge darasa, na watu wakabeba matofali. Waliopanga foleni ya sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 humkumbuka Mzee Ruksa, Rais Mwinyi aliyekuja baadaye akaruhusu bidhaa ziingie. Matumaini yao yalikuwa duka lenye bidhaa. Vijana wa Kanda ya Ziwa ni Magufuli, na wapo wanaoomba akae fremu moja na Rais Samia kwa ajili ya Daraja la Kigongo–Busisi: yeye aliweka jiwe la msingi 2019, Mama akalifungua Juni 2025. Kijana anaamini akishapita juu ya daraja. Mzee aliamini kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa, na imani ya namna hiyo ndiyo tuliyopungukiwa.

Kazi ya mbao ni safi. Pembe zinakatwa nyuzi 45, zinatiwa gundi na kupigiliwa misumari, hazifumuki. Kasoro ni kioo: usipowaambia, wanakilaza juu ya picha moja kwa moja. Kwa unyevunyevu wa ziwa, karatasi ya foto inanata kwenye kioo, na siku ukiitoa uso unabanduka. Dai ukingo wa kadibodi yenye unene wa milimita 2 au 3 kuzunguka picha yote, ili kioo kisiiguse. Nyuma iwekwe hadibodi, na mianya izibwe kwa tepu ya karatasi, la sivyo vumbi na wadudu wa ziwani watajaa ndani.

Picha ya zamani usiwatumie kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana inapunguzwa; itume kama dokumenti. Saizi ya A3, sentimita 29.7 kwa 42, inataka angalau pikseli 1,750 kwa 2,480. Ikipungua hapo, uso wa Mwalimu unatoka madoadoa. Wao hawakuonyi, wanachapa tu, na ndiyo maana nawapa nyota nne badala ya tano.

Ukutani, kwepa jua la moja kwa moja. Wino wa printa za kawaida hupoteza wekundu mapema, picha ikabaki ya bluu. Kwa ofisi, agiza fremu ya Rais aliyepo na ya Mwalimu siku moja, kwani mbao za mzigo mwingine hazilingani rangi.