Hawk the Slayer (1980): panga, moshi na mishale isiyokwisha

Kisa cha filamu hii ni chepesi. Voltan, katili aliyefunika nusu ya uso kwa kofia ya chuma, anamteka mkuu wa watawa na kudai vipande 2,000 vya dhahabu. Mdogo wake, Hawk, anakusanya wenzake wanne na mchawi mmoja wa kike kwenda kumkabili. Jack Palance, aliyezaliwa 1919, anacheza Voltan, kaka mtu. Msimamishe kando ya John Terry, anayecheza Hawk, utadhani baba na mwanawe.

Filamu hii ya Uingereza haikuwa na fedha za kujenga ulimwengu, na wapenzi wake wanaipendea hapohapo. Msitu umejazwa moshi, kwa sababu moshi huficha ufinyu wa eneo na kufanya miti michache ionekane pori zima. Upanga wa Hawk una ngumi kwenye ncha ya mpini, nayo imeshika jiwe linalowaka kijani. Akiuita kwa fikra, unamrukia mkononi.

Lakini kinachosimuliwa zaidi ni upinde wa Crow, mpiga mishale katika kundi la Hawk. Mishale inamtoka kama risasi za rashasha. Simamisha picha utazame: ni vipande vichache vilevile vya filamu, vimeunganishwa tena na tena kwa mdundo mmoja. Ile hatua inayomchelewesha mpiga mishale yeyote, kupeleka mkono kwenye podo, mhariri ameiruka. Anayetaka kuiga mbinu hii ahakikishe mkono uko palepale mwanzo na mwisho wa kipande, la sivyo upinde utaruka kila unapofika kwenye kiungo na hila itafichuka. Hapa inafichuka kidogo, na watazamaji hushangilia.

Muziki ni wa Harry Robertson, ambaye pia ndiye mtayarishaji na aliandika hadithi pamoja na mwongozaji Terry Marcel. Ngoma za disko na vinanda vya umeme chini ya farasi wanaokimbia! Haviendani hata kidogo, ila wimbo mkuu utakukaa kichwani wiki nzima.

Katikati panapwaya, mazungumzo ni mengi na waigizaji wengine wanasema kama wanasoma tangazo. Palance, kinyume chake, hanong'oni bila kutetemesha shavu, na kila anapotoka kwenye picha filamu inapoa. Mwisho unaacha mlango wazi kwa sehemu ya pili, kwa hiyo usisubiri kila fundo lifunguliwe. Itazameni wengi, sauti juu. Ukiwa peke yako, anza na mapigano ya Crow.