Mrejesho wa mikono ya vitasa kwenye jengo la fremu Mwanjelwa, mwaka na nusu tangu tufunge

Wadau, mi nasimamia jengo la mama mkubwa pale Mwanjelwa, Mbeya, ghorofa moja, chini fremu, juu ofisi mbili tatu na saluni na choo cha kuchangia, milango yote 16. Tulivyofika hatua ya vitasa hela ilishakata, si mnajua ujenzi, nikaingia duka moja la vifaa vya ujenzi nikabeba vile vinavyong'aa kama dhahabu, 28,000 seti nzima na funguo tatu juu. Nikajiona mjanja.

Mwezi wa nne tu tangu tufunge, mteja wa saluni kaingia chooni, anataka kutoka mkono wa kitasa ukabaki mkononi mwake, wa upande wa pili ukadondoka koridoni kwaa! Mama wa watu kakaa mle karibu nusu saa anagonga na umeme umekatika, jenereta ya jirani inaunguruma, hakuna anayemsikia. Kalipwa saluni bure siku hiyo. Mama mkubwa akanipigia usiku, "We mwanangu, hela niliyokupa ilikuwa ya milango au ya midoli?"

Nikaita fundi, mzee mmoja wa Tukuyu anayefunga milango tangu mi sijazaliwa. Hata hakuufungua, aliuweka tu ule mkono kwenye kiganja changu akanipa na wa zamani wa kwake aliokuwa nao kwenye boksi la vyombo, "haya pima." Asee. Ule wangu mwepesi kama kijiko cha plastiki. Ilikuwa zinki imepakwa rangi ya dhahabu, imekatika shingoni, pale mkono unapoingia kwenye chuma cha mraba kinachopita katikati ya mlango. Halafu pleti, kile kibati kinachokaa kwenye mlango nyuma ya mkono, ilishikiliwa na skrubu fupi za mbao, kila upande peke yake, hata robo ya unene wa mlango haziingii. Akanionyesha za maana zinavyofungwa, bolti inatoboa mlango inatokea ng'ambo, mkono wa ndani na wa nje vinabanana wenyewe kwa wenyewe, mtu akiuning'inia mbao haichanwi.

Nikamwambia basi mi nitaenda na sumaku dukani. Akacheka. Sumaku itakuumbua chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, hiyo kweli, ila zinki hainaswi na stenlesi nzuri nayo hainaswi au inanaswa kidogo mno, sasa utajuaje? Na hata stenlesi zenyewe zinatofautiana, kuna 304 yenye kromu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, na kuna 201 ambayo nikeli wameipunguza wakaweka manganizi iwe bei rahisi, nayo hainaswi, inang'aa vilevile, ila kutu inaiwahi. Hapo ndo wengi tunapigwa. Muuzaji akikwambia "stenlesi bosi" muulize ya namba gani na akuandikie kwenye risiti, akianza kuzungukazunguka ushajua.

Basi awamu ya pili tukachukua stenlesi 304, za kufunga kwa bolti, ncha ya mkono imepinda kurudi mlangoni. Hiyo ncha msiidharau kabisa, ile iliyonyooka inanasa mkanda wa mkoba, inanasa sweta (na Mbeya mwezi wa sita nani hana sweta), mtu anavutwa nyuma na kitasa ndo kinabeba uzito. Na msichukue vile vya duara vya kuzungusha, mwenye mikono ya sabuni au aliyebeba mzigo au bibi mwenye vidole vinavyouma hawezi, mkono wa kubonyeza hata kiwiko kinafungua.

Bei ilikuwa 85,000 mmoja na kitasa chake. Kwa milango 16 ni 1,360,000, hamna hela hiyo. Nikakaa nikahesabu mikono badala ya milango. Choo chetu watu kama 60 kwa siku, kila mtu anabonyeza kama mara 4 kuingia kufunga kufungua kutoka, hiyo ni 240, siku 300 za kazi unapata 72,000 kwa mwaka! Kwenye boksi kulikuwa na EN 1906, ni kipimo cha Ulaya cha mikono ya vitasa, na mstari wa tarakimu. Ya kwanza inaenda 1 mpaka 4 kwa ugumu wa matumizi, ya pili ikiwa 6 maana yake umejaribiwa mara 100,000, ikiwa 7 ni mara 200,000. Haina maana siku ya 200,001 unakatika, ila kwa choo cha kuchangia 6 nimeiona ndogo. Kwa hiyo za gharama zikaenda choo, saluni, ngazi na fremu zenye wateja wengi, tisa jumla. Stoo zikabaki na dhahabu zake.

Mwaka na nusu sasa, hamna uliokatika. Naupa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu kile kiskrubu kidogo chini ya shingo kililegea ndani ya miezi miwili kwenye milango mitatu, mkono ukaanza kucheza, na ufunguo wake wa pembe sita wanakupa mmoja tu nao mdogo unapotea kama sindano. Nilinunua mwingine nimeufunga kamba kwenye shada la funguo, kila mwisho wa mwezi napita nakaza, dakika kumi jengo zima. Pia jambo ambalo dukani hawakusema, pleti za zamani ni ndefu na hizi mpya ni za duara ndogo, matundu ya skrubu za zamani yakabaki wazi yanatucheka, fundi akaziba kwa unga wa mbao na gundi na rangi. Pimeni kabla.

Sasa nikiri kosa langu. Nusu ya lawama nilizotupia kitasa zilikuwa za mlango. Milango yetu ni paina ya Mafinga, haikukauka vizuri, mvua za Novemba zikianza inavimba, ulimi wa kitasa haukutani tena na tundu la kwenye fremu ya mlango, watu wanaunyanyua mlango kwa kuuning'inia mkono wa kitasa. Mlango wa ngazini bawaba ya juu ilishalegea kabisa. Mzee akapiga randa kidogo, akakaza bawaba, akachonga tundu kwa tupa, kelele zikaisha siku hiyohiyo. "Ndaga," nikamwambia, yaani asante kwa Kinyakyusa, akasema ongeza na ya chai.

Kiangazi shida ni vumbi. Msimwage mafuta ya kupikia kwenye tundu la ufunguo, nimewaona mnaofanya hivyo, vumbi linaganda humo mnapata ugali. Paka ufunguo unga wa penseli, ingiza toa ingiza toa. Na dada wa usafi alikuwa anafuta mikono kwa jiki akimalizia na stilwaya, vikatoka vidoa vya kahawia tukasema tumeuziwa feki. Kumbe jiki inaila stenlesi, na stilwaya inaacha chembe za chuma zinazoota kutu. Sabuni ya maji, kitambaa, kausha, basi.

Mlango mkubwa wa nje ndo tumegombana na mama mkubwa, anataka komeo na kufuli hata saa moja jioni saluni bado ina watu. Nikamsimulia Chicago 1903, ukumbi wa maonyesho uliungua wakafa zaidi ya watu 600, milango mingine waliifikia ikashindikana kufunguka, na baada ya hapo ndo zikaenea zaidi zile fimbo za mlangoni za kusukuma kwa kiuno. Kakubali kitasa kinachofunguka kwa ndani bila ufunguo, kwa masharti kufuli nibaki nalo mi nifunge wa mwisho akitoka.

Ile mikono ya dhahabu tuliyong'oa kakataa isitupwe, iko kwenye ndoo, anasema ataifunga banda la kuku Uyole. "Kuku hawana mikono," kasema.