Glavu za pikipiki Nairobi: anza na zisizochomoka mkononi

Mwaka wangu wa kwanza wa kuendesha, niliteleza kwenye matope Outer Ring Road, tena nilikuwa naenda polepole. Glavu ya kulia niliikuta hatua kadhaa nyuma yangu, nzima kabisa. Kiganja changu ndicho kilichochubuka. Nilikuwa nimeinunua kwa haraka, kubwa kidogo, na mshipi wake wa kifundo sikuwa na mazoea ya kuufunga.

Ndiyo maana sasa nikiingia duka lolote la Kirinyaga Road, jambo la kwanza ninalolipima ni kama glavu itabaki mkononi. Ivae, funga mshipi, kisha mwombe muuzaji aishike ncha za vidole na kuvuta kwa nguvu. Ikitoka, mrudishie. Hata kiwango cha Ulaya cha glavu za pikipiki, EN 13594, kina kipimo cha kuvuta kama hicho.

Saizi usiikisie kwa macho. Chukua futi ya fundi wa nguo, zungusha kiganja pale vidole vinne vinapoanzia, ukiacha kidole gumba nje. Kiganja cha takriban sentimita 20 ni namba 8, sentimita 23 ni namba 9, na sentimita 25 na nusu ni namba 10. Namba hiyo inakuonyesha pa kuanzia tu, maana kila kiwanda kina mkato wake. Ukishavaa, kunja ngumi, halafu shika usukani wa pikipiki iliyoegeshwa hapo nje na ubonyeze klachi na breki mara kumi. Kitambaa kikikusanyika kiganjani, mkono utachoka kabla hujafika Ruiru. Ncha ya kidole ikigonga mwisho wa glavu ukiwa umeshika usukani, ni ndogo. Ikibaki nafasi ya kukunjika mbele ya kidole, ni kubwa, na nafasi hiyo huenda ikanaswa kwenye mkono wa breki. Muuzaji atakuambia itanyooka. Ngozi hunyooka kidogo kwa upana, lakini haiongezeki urefu, na kitambaa kwa kawaida hakilegei kama ngozi.

Dada zangu mnaoendesha, msikubali kupewa M ya wanaume eti ndiyo ndogo iliyopo. Vidole vyake ni virefu na vinene kwenu. Afadhali kusubiri duka liagize S au XS.

Sasa nikizipanga, namba moja kwangu ni glavu ya ngozi ya vidole vizima, yenye shingo inayopita kifundo cha mkono, mishipi miwili, na kipande kigumu chenye uso laini chini ya kiganja. Kipande hicho kina kazi kubwa. Mtu akianguka hutanguliza mikono, na ngozi au mpira unaong'ang'ania lami huusimamisha mkono ghafla huku mwili ukiendelea kwenda. Hapo huvunjika mfupa mdogo wa kifundo ulio upande wa kidole gumba, na mfupa huo huunga polepole kwa sababu damu inayoufikia ni chache. Kipande chenye uso laini huuacha mkono uteleze. Ndani tafuta lebo yenye picha ya mwendesha pikipiki, EN 13594:2015, na namba 1 au 2. Namba 2 ni imara zaidi: shingo yake hupita kifundo kwa angalau milimita 50, wakati ya namba 1 inatakiwa milimita 15. Herufi KP maana yake kinga ya vifundo vya ngumi imepimwa pia.

Ya pili ni glavu fupi ya ngozi iliyochanganywa na kitambaa, yenye alama 1 KP. Kwa mtu wa foleni za mjini, anayevua na kuvaa mara ishirini kwa siku, hii ndiyo atakayoivaa kweli, na kwa huyo naipendekeza kuliko namba moja itakayobaki nyumbani.

Ya tatu ni ile isiyopenya maji. Machi hadi Mei utaishukuru, na asubuhi za Julai pia, lakini ni nene na vidole havisikii klachi vizuri. Inunue kama jozi ya pili.

Ya nne ni mtumba wa soko la Gikomba. Ngozi nzuri hupatikana, ila ikunje uone kama inapasuka, na uvute kila mshono kwa vidole viwili. Uzi ukiwa umeoza, glavu itafumuka kwenye lami mara moja.

Zile za bei ya chini kando ya barabara, zenye plastiki kubwa mgongoni na kitambaa chembamba kiganjani, naziweka mwisho. Kinga iko upande usiotangulia chini. Za nusu vidole sizipangi kabisa.

Na yale mafuko makubwa ambayo ndugu zetu wa bodaboda huyafunga kwenye usukani? Ni mazuri kwa baridi na mvua, na sina neno nayo kwa hilo. Lakini ukianguka yanabaki na pikipiki. Vaa glavu ndani yake, na kabla ya kuondoka hakikisha mkono unachomoka bila kunasa. Sheria yetu inadai helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Glavu haizitaji, kwa hiyo hakuna askari wa kukukumbusha.

Glavu za ngozi zikilowa, zianike kivulini. Jiko na jua kali huifanya ngozi kuwa ngumu na kupasuka, na saizi uliyoipima kwa uangalifu huwa imepotea.