Banda la vyuma vya mkonge la kukodi, Tanga: maoni yangu

Kwa mnaoandaa shughuli za wazi hapa Tanga na mmechoka na maturubai ya harusi: kuna karakana mjini inakodisha banda la muda lililoungwa kwa vyuma vya viwanda vya mkonge vilivyofungwa. Sisi tulilisimamisha viwanja vya Tangamano kwa tamasha la vitabu vya watoto.

Nguzo ni zile reli nyembamba zilizopitisha vitoroli vya majani kutoka shambani hadi korona, ile mashine ya kutoa nyuzi za mkonge. Meza ya vitabu imekaa juu ya magurudumu ya kitoroli. Kila kiungo ni boliti na nati, hakuna kulehemu wala kuchimba shimo. Vijana wanne na spana zao walimaliza kabla jua halijakolea.

Kilichonikuna ni kwamba fundi hakupaka rangi. Kakwangua kutu inayobanduka, akapaka mafuta, basi. Nguzo ya kona imelika upande mmoja, pale magurudumu yaliposugua miaka nenda rudi. Mzee mmoja aliyekuja na mjukuu alipitisha kidole hapo, akaanza kusimulia jani linavyoingia kwenye korona, nyama ikakwanguliwa yote, zikabaki nyuzi, kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Watoto wakaacha vitabu, wakamzunguka. Nani angewagombeza?

Kibao cha maelezo kinamtaja Hindorf, Mjerumani aliyeleta miche ya mkonge mwaka 1893, na tani 230,000 za mkonge zilizozalishwa nchini mwaka 1964. Manamba, vibarua wa mashamba waliokata majani yenyewe, hawana hata mstari mmoja! Nimewaambia, wakasema wataongeza. Mkikodi, angalieni.

Kero zipo. Paa ni bati tupu, saa saba mchana hapakaliki. Agizeni makuti ya kutandika juu. Ncha za reli zimetokeza kimo cha paji la uso wa mtoto, tukazifunga kwa vipande vya tairi. Na bei wanayokutajia haina usafiri: vyuma hivi vinataka Fuso, na Fuso unalipa wewe.

Halafu, kabla ya kutoa hela, ombeni karatasi za manunuzi ya vyuma. Mimi nilioneshwa bila mizengwe. Ukikutwa na reli barabarani huna karatasi, jieleze utakavyo kwamba ni maonyesho, kituoni utafika.

Nyota nne. Banda ni moja tu, wekeni oda mapema.