Ulaanbaatar: nilikonunua, nilikopigwa na nilikotamani nirudi tena

Naanza na nilikopigwa ili roho itulie kwanza. Siku ya pili tu tangu tufike Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, kichwa bado kinazunguka na ile safari ya kupitia Istanbul, nikaingia kaduka kamoja ka zawadi katikati ya mji, jina lake nalimezea, nikaona skafu ya kijivu imebandikwa kashimiri (manyoya laini ya mbuzi) asilimia mia, tugriki 45,000 tu za hela yao. Nikasema haya, mama mkwe wangu wa Mpwapwa baridi ya mwezi wa saba ndo basi tena. Na mimi ni afisa mifugo jamani, mbuzi nawajua kwa kuwashika sio kwa picha, ila hela nikatoa bila hata kuuliza mara mbili. Usiku hotelini kaka mmoja wa Manyoni tuliyekuwa naye kwenye mafunzo akaniambia dada hebu chomoa uzi mmoja tuuwashie kiberiti. Nikachomoa. Ukayeyuka ukawa kipunje cheusi kigumu kinanuka plastiki. Manyoya ya kweli yakiungua yananuka nywele halafu yanabaki majivu unayaponda kwa vidole, hicho kitu nakijua tangu chuo, sasa dukani kilienda wapi sijui. Kaka wa watu alicheka mpaka akakaa chini.

Kwahiyo haya ninayoandika yana uchungu wa hela ndani yake, soma kwa makini kama una safari ya huko.

Mji wenyewe kwanza. Ukisikia Mongolia unawaza farasi na nyika, kumbe karibu nusu ya wananchi wote wamejazana Ulaanbaatar na foleni ni balaa. Magari kibao ni Prius za Japani usukani kulia kama zetu ila wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kila teksi ikitaka kuovateki nilikuwa nafumba macho. Barabara kubwa inaitwa Peace Avenue, inakata mji toka mashariki kwenda magharibi, ukiishika hiyo hupotei. Mabango ni herufi kama za Kirusi so weka programu ya kutafsiri kwenye simu kabla hujatoka hotelini. Hela yao tugriki, sarafu hakuna, noti kubwa kabisa ni 20,000, na hesabu yangu ilikuwa rahisi, ukiona bei toa kama robo hivi unapata shilingi zetu. Madukani kadi inapita bila shida.

Duka la kwanza kila mtu atakuelekeza ni State Department Store, lipo hapohapo Peace Avenue, wenyewe wanaliita Ikh Delguur yaani Duka Kubwa, wala hawakujisumbua kutafuta jina. Lilianza 1921, jengo la sasa ni la 1961, enzi hizo likiwa la serikali. Ng'ambo ya barabara kuna sanamu ya Beatles, wale wanamuziki wa Uingereza, usiniulize walifuata nini huko, ila ni alama nzuri ya kukutania na wenzio. Chini kuna supamaketi, ukipanda juu kabisa ndo zawadi zote zimerundikwa sehemu moja: ndara, kofia, pochi za ngozi, chupa za vodka zenye picha ya Chinggis Khan, mtawala wao wa kale (huyo mzee yupo kwenye kila kitu, mpaka kwenye noti). Bei zimebandikwa, hakuna kubembelezana, kuna joto, choo kipo. Kwa mtu mwenye saa mbili tu na orodha ya mashemeji na mawifi kumi na moja, hapa panakutosha. Ila naomba nisiwadanganye, ni vitu vya wageni. Sikumwona Mmongolia hata mmoja ghorofa ile ananunua, wao walikuwa chini kwenye mikate na maziwa.

Kitu kimoja tu kilinishika pale juu, morin khuur. Ni kinanda cha nyuzi mbili, juu kimechongwa kichwa cha farasi, nyuzi za manyoya ya farasi, unakwangua kwa upinde. Kijana wa duka akapiga kidogo, na mimi Mgogo wa Bahi nikasikia zeze kabisa, lile lile la kina Hukwe Zawose, nikabaki nimesimama kama mjinga. Sikununua, bei yake ilikuwa inanizidi, na kukibeba kwenye ndege ni mtihani mwingine.

Kashimiri ya kweli nilikuja kuipata kwenye duka la kiwanda cha Gobi. Hicho kiwanda kilianza 1981 kwa msaada wa Japani, kipo upande wa kusini wa mji, teksi inakufikisha. Hapa ndo nikasahau kwamba nilikuja kununua, nikageuka afisa mifugo. Kashimiri sio manyoya yote ya mbuzi, ni yale malaini ya ndani kabisa ambayo mnyama anaota kwa ajili ya baridi kali, masika yao yakifika wafugaji wanamchana kwa kitana. Mbuzi mmoja anatoa gramu 300 hivi, ukisafisha ukatoa yale magumu inabaki nusu au chini ya hapo, kwahiyo sweta moja linameza mbuzi watatu wanne. Mongolia ni ya pili duniani nyuma ya China kwa hii kitu. Ukishajua hayo bei haikuumi sana. Sweta nililochukua lilikuwa zaidi ya laki tatu za tugriki na bado nililitoa kwenye kona ya vitu vya msimu uliopita, mapya yalikuwa juu zaidi. Wauzaji wanakuacha ushikeshike bila kukufuatafuata nyuma kama mwizi, na nilishika kila kitu. Usiende na mume asiye na subira. Kama mfuko hauruhusu kabisa, uliza vitu vya manyoya ya ngamia au yaki, yaani ng'ombe wao wa manyoya marefu, vina joto zuri tu na bei inapumua.

Sasa Narantuul. Hili ndo soko, mengine yote ni maduka. Nilienda Jumanne nikakuta geti limefungwa, Jumanne hawafungui, nikarudi hotelini nimenuna. Kesho yake nikaenda tena, ni mashariki ya katikati ya mji, na nisemeje, chukua mnada wa Msalato wa Jumamosi, changanya na Kariakoo, halafu ingiza vyote kwenye friji. Ilikuwa Oktoba tu na asubuhi tayari ni chini ya sifuri, wakati sisi Dodoma ikifika nyuzi 13 tunavaa makoti ya jeshi.

Zamani waliliita soko jeusi na jina hilo bado lipo midomoni, ila ni soko halali kabisa, kubwa mpaka miguu inakuuma. Kuna mstari wa matandiko ya farasi tu, tandiko la mbao limechorwa na kupigwa urembo wa chuma, lijamu, kamba, kengele. Kuna mstari wa milango, ndio, milango ya rangi ya machungwa ya ger, yale mahema yao ya duara, na jiko la kuni la katikati, na felti ya kuzungushia, yaani manyoya ya kondoo yaliyolowanishwa na kushindiliwa mpaka yakawa kama zulia nene. Mfugaji akitaka kuanza maisha anaweza kuingia pale mikono mitupu akatoka na nyumba. Nilimwona mzee mmoja kavaa deel, kanzu yao nzito yenye mshipi kiunoni, anakagua kamba ya ngamia kwa kuivuta na kuinusa, dakika kama kumi nzima, vilevile baba yangu anavyokagua kamba za ng'ombe. Hapo nikaelewa niko sehemu sahihi.

Nilichukua soksi za ngamia jozi sita, ndara za felti tatu, na kitambaa cha hariri cha kushonea deel ambacho hapa mjini fundi wangu wa Majengo ameshaniambia anatoa gauni na kilemba. Kubageini kupo ila sio kama kwetu kwa kushusha mpaka nusu na kuondoka kwa mbwembwe ili uitwe, ukiondoka wanakuacha uende. Unaandika bei kwenye kalkuleta, anatikisa kichwa, anaandika yake, mnakutana karibu na yake. Beba keshi, maana wenyeji wanalipana kwa simu, namba ya akaunti imeandikwa kwenye kipande cha boksi mezani kama sisi na lipa namba, sasa mgeni huna akaunti ya huko. Begi liwe kifuani, vibaka wa Narantuul wanasifika na kila mtu atakuonya. Na sema bayarlalaa, yaani asante, ukishalipa, hata ukiitamka vibaya mama wa watu anatabasamu.

Kuna sehemu wanauza vitu vya kale, sanamu za Buddha, vikombe vya fedha, sarafu. Angalia tu. Kutoa kitu cha kale nje ya nchi bila cheti ni kosa kwao, na muuzaji akikwambia haina shida, yeye hatakuwepo uwanja wa ndege. Vilevile zile shagai, vifupa vya kifundo cha kondoo wanavyochezea na kupigia ramli, nilivipenda kweli lakini kwa kazi yangu siwezi kuingiza mifupa na ngozi mbichi nyumbani bila kibali, magonjwa ya mifugo hayasomi pasipoti. Kaka wa Manyoni alitaka kubeba ngozi ya mbweha, nikamwangalia tu akairudisha.

Vya kula, onjeni aaruul, maziwa ya mgando yaliyokaushwa juani mpaka yakawa jiwe. Yaani jiwe. Unanyonya, hung'ati. Mwanangu alionja kimoja akauliza kama ni chaki.

Uwanja wa ndege mpya uko mbali, kama kilomita 50 toka mjini, na vitu vya pale bei imechangamka, kwahiyo usijiwekee zawadi za mwisho huko.

Mama mkwe alipata ndara na soksi jozi mbili, juzi nimeambiwa anavaa vyote kwa pamoja mpaka kanisani. Ile skafu ya plastiki ninayo mwenyewe, nimeziba nayo upenyo wa dirisha la jikoni, upepo wa Agosti hauingii tena.