Filamu za zamani kwenye diski: zipi ununue kwanza, zipi uachane nazo

The African Queen ilipigwa mwaka 1951 huko Butiaba na kwenye Maporomoko ya Murchison nchini Uganda, na sehemu nyingine Congo. Kisa chake kinatokea Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, na ndiyo iliyompa Humphrey Bogart Oscar yake pekee. DVD zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1997, lakini filamu hii haikutoka huko kwa DVD mpaka 2010. Miaka 13! Kama filamu ya Bogart na Katharine Hepburn ilikalishwa kabatini muda wote huo, zile zisizo na majina makubwa zina nani wa kuzisemea?

Hasira ya wakusanyaji wa filamu ina msingi. Utafiti uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu ndefu karibu 11,000 zilizotengenezwa Marekani enzi za sinema bubu, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika hali yake ya asili. Nyingine ziliungua, nyingine zilioza, nyingine zilitupwa na wenyewe kwa sababu hawakuona faida ya kuzitunza. Siku hizi filamu haziungui sana, zinafungiwa. Disney iliinunua studio ya Fox mwaka 2019 pamoja na hazina yake ya miongo mingi, na tangu hapo filamu za kale za Fox zimekuwa adimu sokoni. Ukiambiwa "nunua" filamu mtandaoni, unachopewa ni ruhusa ya kuitazama, na ruhusa inaweza kuondolewa. Jimbo la California limetunga sheria, inayotumika tangu 2025, ya kuwalazimisha wauzaji waseme hivyo waziwazi.

Kwa hiyo tunabaki na diski. Ila diski si zote sawa, na jina lililo kwenye jalada halitoshi kukuambia kitu. Pesa yako inalipia kazi iliyofanywa kwenye negativu, yaani mkanda wa asili uliopita ndani ya kamera: nani aliiskani, lini, na kwa uangalifu gani. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho kwanza, halafu kwa urahisi wa kuicheza diski ukiwa Afrika Mashariki au Ghuba.

Kwanza deki

Blu-ray, diski zenye picha kali kuliko DVD, zimegawanywa katika kanda tatu za dunia, na deki hucheza diski za ukanda wake tu. A ni Marekani na majirani zake pamoja na Japani. B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia. C ni India, China na Urusi. Aliyeko Dar, Nairobi, Bujumbura au Muscat yuko B. Ndugu yetu aliyeko Minneapolis yuko A, na ndiyo maana zawadi anazotuma wakati mwingine hazichezi. DVD zina mgawanyo wake: Afrika Mashariki ni namba 5, Oman ni 2. Huko hakuna shida kubwa, kwa sababu deki nyingi za bei nafuu madukani kwetu hucheza DVD ya namba yoyote. Blu-ray hazina huruma hiyo. Ukiweka diski ya A kwenye deki ya B unapata ujumbe wa kukataliwa, basi.

Diski za 4K, zenye picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida, hazina kizuizi cha kanda. PlayStation 5 yenye sehemu ya kuingizia diski itacheza 4K kutoka nchi yoyote, lakini kwa Blu-ray ya kawaida inafuata ukanda wake. Samsung waliacha kupeleka deki mpya za Blu-ray Marekani mwaka 2019, na LG wakajitoa 2024, kwa hiyo uwanja umebaki zaidi kwa Sony na Panasonic. Ukiipata deki iliyofunguliwa kanda zote, ichukue hata kama bei inauma. Itakufungulia diski za ukanda A zilizo kwenye orodha hii.

1. Blu-ray za Warner Archive

Warner wanamiliki filamu zao wenyewe, za studio ya RKO, na za studio ya MGM za kabla ya 1986. Mwaka 2009 walianzisha tawi hili kwa kuuza diski za kuchomwa kwa oda, wakaanza na filamu 150. Tangu 2012 wanatoa pia Blu-ray za kiwandani, na hizo ndizo ninazozungumzia hapa. Nyingi hazina kizuizi cha ukanda, yaani zinacheza kwetu bila mizengwe. Nyongeza ni chache, jalada ni la kawaida, lakini picha ndiyo imeshughulikiwa.

Ukitaka kuona tofauti, chukua filamu ya miaka ya 1940 iliyopigwa kwa Technicolor, mfumo wa rangi wa enzi hizo. Kamera ile ilikuwa ikipitisha negativu tatu za rangi nyeusi na nyeupe kwa wakati mmoja, kila moja ikinasa sehemu yake ya rangi. Kadiri miaka inavyopita kila negativu husinyaa kivyake. Zikipangwa pamoja hazilingani tena. Kwenye DVD ya zamani tazama ukingo wa kofia, au bega la mwigizaji aliyesimama mbele ya ukuta mweupe: utaona uzi mwembamba mwekundu upande mmoja na wa kijani upande mwingine. Warner Archive huskani negativu zote tatu, kisha huzilinganisha kwa kompyuta fremu kwa fremu. Uzi ule hupotea, na unaanza kuona mshono wa nguo. Studio iliyoamua kujali inaweza, na ndiyo sababu kimya cha wengine kinaniudhi zaidi.

2. Lebo za Uingereza: Indicator, Eureka, BFI

Diski za kampuni hizi ni za ukanda B kwa sehemu kubwa, kwa hiyo ni za kwetu moja kwa moja. Indicator, iliyoanza 2016, huchukua filamu zilizolala, hasa za studio ya Columbia, na kuzitoa na vijitabu vinavyostahili kusomwa. Eureka, kupitia mkusanyo wao wa Masters of Cinema, ndio wa kuwaendea kwa sinema bubu. BFI ni taasisi ya filamu ya taifa la Uingereza yenye ghala lake la filamu.

Tahadhari moja: nunua Blu-ray zao, si DVD. DVD za Uingereza huenda kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu ya dakika 120 huisha kwa dakika 115, na mara nyingi sauti za waigizaji hupanda kidogo. Mpenzi wa filamu za muziki atalisikia hilo kwenye wimbo wa kwanza.

3. Criterion

Kama una deki ya kanda zote, ipandishe kampuni hii ya Marekani iwe ya kwanza. Ninaiweka hapa kwa sababu Blu-ray zao za Marekani zimefungwa kwa ukanda A, na tawi lao la Uingereza lina filamu chache zaidi. Wamekuwa kwenye kazi hii tangu 1984, enzi za leza diski kubwa kama sahani ya chakula.

Kwa msomaji wa Afrika, Criterion wana uzito wa pekee. Filamu za Ousmane Sembène wa Senegal, ambazo kwa miaka mingi tulikuwa tukizisoma vitabuni tu, wamezitoa zikiwa zimekarabatiwa: La Noire de... mwaka 2017, Mandabi mwaka 2021, kisha Emitaï, Xala na Ceddo katika boksi moja mwaka 2024. Mradi wa sinema ya dunia alioanzisha Martin Scorsese mwaka 2007 pia hutoka kwao. Boksi la kwanza lina Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, la nne lina Sambizanga ya Sarah Maldoror. Kama bajeti yako inatosha boksi moja tu mwaka huu, nunua mojawapo ya haya kabla ya filamu yoyote ya Hollywood. Filamu za bara letu zina walinzi wachache mno, na mauzo ya haya ndiyo yanayowapa nguvu ya kuzifuata nyingine.

4. 4K za studio zenyewe

Sony, wenye studio ya Columbia, wanastahili sifa. Chini ya Grover Crisp idara yao ya ukarabati imefanya kazi nzuri kwa miaka mingi, na maboksi ya Columbia Classics, yaliyoanza 2020, yanaonyesha hilo. Hayana kizuizi kwa upande wa 4K. Tatizo ni kwamba ni ghali, na kwamba huwezi kuchagua: unalipia filamu sita ili upate mbili unazozitaka. Studio nyingine nazo hutoa 4K, ila huzunguka kwenye majina yaleyale kila baada ya miaka michache huku mamia ya filamu nyingine hayajawahi kuguswa.

5. Kino Lorber

Kampuni hii ya Marekani ina filamu nyingi mno na bei zake si mbaya, lakini ubora hupanda na kushuka. Mara nyingi wanapokea skani ambayo studio imewapa, na kama studio imewapa ya miaka 20 iliyopita, ndiyo hiyo. Tafuta maneno ya skani mpya ya 2K au 4K kwenye maelezo ya diski. Yasipokuwepo, subiri. Blu-ray zao nyingi ni za ukanda A.

6. Diski za kuchomwa kwa oda

Igeuze diski: upande wa chini ukiwa na rangi ya zambarau, imechomwa, haikupigwa kiwandani. Nunua tu pale ambapo filamu haipatikani kwa njia nyingine yoyote, na iweke mbali na joto na jua, jambo ambalo kwa mwambao wetu linahitaji bidii. Wa kuogopwa zaidi ni mkusanyo wa Fox Cinema Archives. Humo kuna filamu zilizopigwa kwa CinemaScope, picha pana kabisa, zikatolewa zimekatwa pembeni ili zienee kwenye televisheni za mraba. Watu wawili wanaongea na unamwona mmoja.

7. DVD za mitumba

Bei inavutia, na mara nyingine ndiyo nakala pekee iliyopo. Lakini DVD za Warner zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zina ugonjwa: nyingi zinaoza ndani, hata zile ambazo hazijawahi kufunguliwa. Kampuni ilikiri tatizo hilo mwaka 2025 na kuahidi kubadilisha pale inapowezekana. Macho hayatoshi kuligundua. Diski inaweza kung'aa bila mkwaruzo hata mmoja na isicheze. Ukiwa dukani usiridhike na dakika tano za mwanzo. Ruka hadi katikati ya filamu, ambapo deki hubadili tabaka la diski, kisha ruka hadi karibu na mwisho. Ikiganda hata mara moja, irudishe. Kama unazo nyumbani, zijaribu wiki hii.

Usinunue kabisa

Maboksi ya filamu 50 kwa bei ya moja. Hizi ni filamu ambazo haki miliki zake zilikwisha au hazikuandikishwa vizuri. Charade ya 1963 iliangukia humo kwa sababu ilani ya haki miliki haikuandikwa kikamilifu. Wauzaji hawa huchukua nakala yoyote iliyochoka na kuibandika kwenye diski. Charade hiyohiyo Criterion wanayo, ikiwa safi.

Kuhusu wakati wa kununua: duka la Marekani la Barnes & Noble huuza Criterion kwa nusu bei kila Julai na Novemba, kwa hiyo hizo zinaweza kungoja. Matoleo yenye idadi maalumu hayangoji. Kampuni ya Twilight Time walikuwa wakitoa nakala 3,000 tu kwa filamu nyingi, wakafunga mwaka 2020, na kilichobaki kiko mikononi mwa walanguzi. Ukiona Indicator wametangaza toleo la kwanza la filamu unayoitaka, hiyo ndiyo ya kuagiza mwezi huu.